Sentimita Thelathini na Moja za Maximilla

Kinyaa kilimwanza Maximilla kila asubuhi mahali pale pale, alipoanza kuteremka ukingo wa Malagarasi kwenda kusoma mita yake. Tangu watu walipohamishiwa barabarani mwaka wa sabini na nne, nusu ya kijiji walikuwa wakiloweka mihogo chini ya daraja, kwenye maji yaliyotulia, hatua chache tu kutoka alipofanyia kazi. Mihogo ikikaa majini siku nne inatoa uvundo wa kushika nguo na nywele, na povu linaelea juu yake kama mate ya mgonjwa.

"Mto unatoka Burundi unakwenda mpaka ziwani," aliwaambia wanawake. "Mmekosa pengine pa kuozesha chakula chenu ila mbele ya pua yangu?"

"Mama Esteri, si na wewe utakula ugali wake?" walimjibu wakicheka.

Hakula. Alikula wa kwake, aliouloweka mwenyewe mbali, kwenye kijito cha juu. Alikuwa mwanamke wa kujiona na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo.

Mita yenyewe ilikuwa nguzo ya chuma yenye namba kama rula, imesimama majini kando ya mguu wa daraja. Kipriani, mume wake, alipewa kazi ya kuisoma wakati wa Mwingereza. Alipofariki mwaka wa sitini na nne, kazi ikaja kwa mjane wake kwa sababu moja: katika wanawake wote wa upande ule wa Kibondo, yeye ndiye aliyekuwa amemaliza darasa la nne la misheni, tena akiandika namba zilizonyooka. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni alisimama juu ya jiwe lile lile, akasubiri mawimbi yatulie, akahesabu mpaka tatu, akasoma pale maji yalipokata chuma. Papo hapo akaandika kwa penseli, maana wino huvuja mvua ikinyesha: tarehe, saa, kipimo. Daftari lilikuwa na safu ya nne iitwayo Maelezo. Humo aliweka habari za mto. Gogo limepita. Maji mekundu. Kiboko amelala karibu na mita, nimesoma kwa mbali.

Kila baada ya miezi mitatu fundi wa vipimo alikuja kwa pikipiki, akachukua daftari lililojaa na kuacha jipya. Yaliyojaa hayakurudi tena. Yalikwenda Dar es Salaam, na Maximilla alipenda kufikiria kwamba huko, ndani ya kabati la serikali, kuna mto mzima umelala, wa maandishi yake, wa miaka kumi na tano.

Basi ilikuwa Juni mwaka wa sabini na tisa. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, sabuni haipatikani, petroli ya kuombea kibali. Maximilla alikuwa amemaliza tu kuandika kipimo cha saa tatu alipoona Landrova imesimama darajani, na watu wawili wanateremka.

Mmoja alimfahamu. Alikuwa Stanislaus, fundi wa vipimo, kijana wa Kasulu mwenye viatu vinavyong'aa. Maximilla hakumpenda kwa jambo dogo ambalo kwake halikuwa dogo: Stanislaus alikuwa na desturi ya kulamba kidole kabla ya kufunua daftari. Alipoona kurasa zake zinapakwa mate, moja baada ya nyingine, mara mbili alikwenda kutema nyuma ya nyumba.

Wa pili alikuwa mwanamume mwembamba wa miwani, amebeba kasha la mbao. Stanislaus alimtambulisha: Bwana Hilali, mhandisi kutoka makao makuu.

"Mwakeye, mama," alisema Stanislaus kwa Kiha, akichekacheka.

"Tumeamka," alijibu Maximilla kwa Kiswahili, akamgeukia mgeni. "Karibu, Bwana Hilali. Wewe ni wa Kiswahili cha pwani, ama na wewe ni wa hapa?"

"Babu yangu alikuwa na duka Kasulu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Hilo lilimpendeza. Akawapeleka nyumbani, akawatolea viti viwili, yeye akakaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka.

Hilali alifungua kasha, na Maximilla moyo ukamruka, maana ndani aliona madaftari yake, yamefungwa kwa kamba kama kuni. Mhandisi hakuzunguka.

"Mama, nitakwambia kilichonileta. Tumechora namba zako zote kwenye karatasi moja ndefu. Miaka kumi na miwili mto unapanda na kushuka kama mto. Halafu Agosti ya sabini na sita unaruka. Zaidi ya futi nzima katikati ya kiangazi, na toka siku hiyo haujarudi chini. Kituo cha chini yako hakikuona maji hayo. Cha juu yako hakikuona. Maji yaliyoongezeka umeyaona wewe peke yako."

"Niliandika nilichosoma."

"Kazini kwetu wanasema vingine. Wanasema msomaji amechoka, anakaa jikoni, anatunga." Alivua miwani akaifuta. "Nisipopata maelezo leo, nitalazimika kuzifuta namba zako zote, na za kabla ya hapo vilevile, maana nani atajua ulianza lini? Na kazi atapewa mtu mwingine."

Maximilla alihisi damu imempanda masikioni. Kuitwa mchawi angeweza kustahimili. Watu huitana wachawi hata kwa kuku. Lakini kuitwa mtungaji wa namba, yeye!

"Na huyu amekuambia nini?" aliuliza, akimwonyesha Stanislaus kwa kidevu.

"Mimi nimesema umri, mama," alijibu Stanislaus kwa upole wa sukari. "Umri hauna adabu. Macho yanachoka."

"Macho yangu yanaliona tui la nazi kwenye tai yako kutoka hapa. Bwana Hilali, fungua Agosti ya sabini na sita, safu ya Maelezo. Soma nilivyoandika siku moja kabla ya Mwenge wa Uhuru kupita."

Hilali alifunua. Safu ilikuwa tupu.

Hapo Maximilla alisimama kabisa. Akaomba daftari, akalishika kwa ncha za vidole. Kipimo kilikuwapo, mkono wake mwenyewe, lakini upande wa Maelezo karatasi ilikuwa imenyonyoka, nyepesi, yenye manyoya manyoya kama jani lililotafunwa na mdudu. Aliiinua kwenye jua. Mwanga ulipita pale kuliko pengine, na ukitazama kwa ubavu uliona mfereji wa penseli iliyokandamizwa na mtu mwenye uhakika: herufi chache za mwanzo, nguz, na mbele kidogo, vijana.

"Imesuguliwa kwa raba," alisema.

"Panya," alisema Stanislaus.

"Panya gani anasoma kwanza ndipo ale?"

Hilali alichukua daftari, akaliinua naye juani. Kisha akasema, "Nieleze, mama."

Akamweleza. Agosti ile Mwenge ulikuwa unapita barabarani, na Melkiadi, mwenyekiti wa kijiji, aliamuru kila kinachoonekana kipakwe chokaa: mawe, mashina ya miti, hata mbuzi wangepakwa kama wangetulia. Mita ilikuwa imeinama kidogo kwa kugongwa na gogo masika yale. Melkiadi akasimama darajani akasema Mwenge hauwezi kupita mbele ya kitu kilichopinda. Akatuma vijana sita. Wakaing'oa, wakachimba shimo, wakaisimika upya wima kama askari, wakaishindilia kwa mawe na saruji iliyobaki ya zahanati.

"Nilikuwa pale ukingoni napiga kelele. Nikawaambia, hiyo ni rula ya serikali! Wakanijibu, na sisi ni serikali. Nikaandika kwenye daftari. Huyu alipokuja Septemba nikamwambia kwa mdomo pia, akasema ataleta darubini ya kupimia. Nimengoja miaka mitatu. Kazi yangu mimi ni kusoma kinachosemwa na chuma. Nikadhani huko kwenu mmejua."

Hilali alimgeukia fundi wake. "Septemba ya sabini na sita uliandika ripoti kwamba umeipima mita hii na haijasogea. Sahihi yako ipo."

Stanislaus aliangalia viatu vyake. "Kunyoosha si kusogeza, bwana mkubwa. Kitu kimenyooshwa tu. Tofauti ya unywele." Halafu kama mtu aliyepata mlango, akainua kichwa. "Na kwa kweli tunapoteza petroli kwa ajili ya kijiti na bibi. Wewe mwenyewe umetoka kusomea vyombo vya angani. Setilaiti inapima bahari nzima kutoka juu, haihitaji mtu wa kuchungulia. Zama hizi zimekwisha, Mama Esteri. Utapimiwa mto wako toka mbinguni."

Maximilla alidhani ni matusi tu. Lakini alimwona Hilali ametabasamu kidogo, kwa aibu.

"Ni kweli kipo kitu hicho?" alimuuliza.

"Kipo, mama. Ama kilikuwapo. Kinazunguka dunia, juu kama kilomita mia nane. Kinapiga mshindo wa redio chini, unagonga maji, unarudi. Wanahesabu muda wa kwenda na kurudi, basi wanajua bahari iko mbali kiasi gani chini yake."

"Na mawimbi?"

"Kinapiga mara elfu kwa sekunde, wanachukua wastani."

"Mimi nahesabu mpaka tatu." Alifikiri. "Wanatafuta nini huko?"

"Mambo mengi. Mikondo, upepo. Na mbele ya safari, kujua kama maji ya bahari yote duniani yanapanda. Wenye mita za bandarini wanasema yanapanda, lakini kidogo sana, milimita moja kwa mwaka, labda mbili. Chombo hiki hakijafikia hapo, kinakosea kwa upana wa kiganja. Vitakavyokuja vitaweza."

"Kilikuwapo, umesema. Sasa kiko wapi?"

"Kimekufa. Kilirushwa Juni mwaka jana, Oktoba umeme wake ukaungua."

Maximilla alihesabu kwa vidole, kisha akacheka, cheko la kwanza la siku ile, la puani. "Miezi mitatu na kitu! Mama wee! Na huyo ndiye wa kunifukuzisha kazi?"

Hata dereva, aliyekuwa ameegemea Landrova, alicheka. Lakini Maximilla hakuwa amemaliza, kwa sababu kitu kilikuwa kimemkwama kichwani. "Bwana Hilali. Hicho chombo kinapima toka kilipo mpaka majini. Sawa. Na wenyewe wanajuaje kilipo? Si kinaweza kushuka njiani?"

Mhandisi alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni. "Hiyo ndiyo shida yao kubwa, mama. Kuliko bahari yenyewe. Wanakifuata kwa vituo vya ardhini, wanapiga hesabu, na bado wanakosea. Kikiwa chini kuliko wanavyodhani, umbali mpaka majini unakuwa mfupi, wao wataandika bahari imepanda. Ndiyo maana walichagua kisiwa kimoja katikati ya Atlantiki, kuna kituo na kuna mita majini, kama yako. Chombo kikipita juu ya kisiwa, namba ya juu inalinganishwa na namba ya chini."

"Basi," alisema Maximilla taratibu, "rula ikishuka na mwenyewe hajui, maji yataonekana yamepanda."

"Ndiyo."

"Mita yangu hawakuinyoosha tu. Waliizamisha. Shimo lile niliona kina chake, kijana alisimama ndani mpaka magotini."

Hilali alifunga daftari. Alifungua kasha tena, akatoa karatasi ya zamani ya Mwingereza, akasoma kwa sauti: sifuri ya mita iko mita nne na sentimita kumi na mbili chini ya msumari wa shaba uliopigwa kwenye jiwe la alama. Jiwe hilo ndilo shahidi. Mita inaweza kugongwa, kung'olewa, kuzikwa. Ukilipata jiwe, utajua imekwenda wapi.

"Liko wapi jiwe?"

Maximilla alilijua lilipo. Alijua pia kilichokuwa juu yake. Akawaongoza huko.

Nyuma ya zizi la Melkiadi, karibu na kona ya barabara ya zamani, palikuwa na rundo refu kama mtu. Samadi ya miaka mitano ilikuwa humo, na maganda ya mihogo, na makapi ya ndizi za pombe, na vitu ambavyo watu waungwana hawavitaji. Juu yake nzi walikuwa wamekaa kimya, wameshiba. Chini, pembeni, maji meusi yalijitafutia njia.

Stanislaus alitoa leso akaziba pua. "Mimi hapo siingii," alisema. "Hii si kazi ya fundi."

Maximilla alirudi nyumbani, akabadilisha kitenge kizuri akafunga cha shamba, akaja na jembe. Hilali alikunja suruali. Dereva akaazima koleo. Walipoanza, uvundo wa mihogo ya mtoni ukawa kama manukato. Kila jembe lilipozama, rundo lilipumua hewa ya moto usoni mwake, na funza weupe wakamwagika miguuni, wanene, wanajinyonganyonga. Alitapika mara moja, kwa adabu, kando. Akajifuta, akaendelea. Alichokuwa akikichukia zaidi ya funza kilikuwa kimesimama kivulini na leso puani.

Melkiadi alitokea, kofia kichwani, kalamu tatu mfukoni.

"Mama Esteri! Unachimbua mbolea ya kijiji kwa kibali cha nani?"

"Ya kijiji, ama ya ng'ombe zako, Ndugu Mwenyekiti?"

"Ng'ombe wangu ni wa kijiji."

"Na maziwa?"

Watu waliokuwa wamekusanyika waliangua kicheko, na Melkiadi akakumbuka kwamba ana mkutano. Lakini kabla hajaondoka Hilali alimuuliza, kwa heshima zote, kama ni kweli aliisimika upya mita mwaka wa Mwenge. "Ndiyo, ndugu!" alisema Melkiadi kwa fahari. "Ilikuwa inaaibisha. Tuliipa msingi imara. Mpaka leo nimesubiri barua ya shukrani."

Hilali aliandika maneno hayo, na jina la mwenyekiti, na saa.

Adhuhuri jembe liligonga saruji. Maximilla alipiga magoti kwenye uozo ule, akakwangua kwa mikono mpaka kichwa cha msumari kikaonekana, kijani kwa kutu. Aliufuta kwa pindo la kitenge chake, akaufuta tena, kama anavyofutwa mtoto usoni.

Hilali akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu. Rula ndefu ikawekwa juu ya msumari, akasoma. Ikawekwa juu ya kichwa cha mita, akasoma. Akasogeza darubini, akarudia toka mwanzo. Akapiga hesabu juu ya goti. Watu walisogea karibu, hata wasiojua wanangoja nini.

"Mita nne na sentimita arobaini na tatu," alisema. "Mita imezama sentimita thelathini na moja."

Akafungua ile karatasi ndefu aliyochora, akaweka rula pale mto uliporuka. Kuruka kule kulikuwa kwa sentimita thelathini na moja. Namba za Maximilla, zote za miaka mitatu, ukizipunguza hizo thelathini na moja, zilishuka zikakaa mahali pake, sambamba na kituo cha juu na kituo cha chini.

"Ulisoma sawasawa, mama. Kila siku."

Wanawake wa mihogo walipiga vigelegele. Maximilla hakuwatazama. Alinawa mikono, akanawa tena, na harufu haikutoka.

Walirudi nyumbani kwake. Hilali alikaa, akafungua kalamu ya wino, akaanza kuandika ripoti. Stanislaus alikaa mbali, kwenye ngazi ya Landrova, mlango wazi. Mhandisi aliandika ukurasa, kisha akasita.

"Mama, swali moja ambalo namuuliza kila msomaji kabla sijatia sahihi. Kuna namba yoyote humu uliyoandika bila kusimama pale?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza kama kuna maji ya kunywa. Jibu lilikuwa limekwisha andaliwa. Ilibaki aseme hapana tu.

Mei ya sabini na saba, Esteri, binti yake wa pekee, alilazwa hospitali ya Kabanga na uchungu wa kuzaa wa siku mbili. Maximilla alipanda lori la kahawa akaenda. Mtoto alizaliwa hai, Esteri akabaki kati ya kufa na kupona, na mama yake alikaa kwenye benchi la nje la hospitali siku tisa. Daftari alikuwa nalo kwenye mfuko. Siku ya kwanza aliacha nafasi. Siku ya tatu nafasi zile zilianza kumtazama. Alifikiri: masika yanaisha, mto unashuka, kwa wakati huu unashuka sentimita mbili kwa siku, saa kumi jioni punguza sentimita moja. Akaandika. Aliandika vizuri mno. Aliporudi na kusoma mita, ilikuwa imetofautiana na hesabu yake kwa sentimita moja tu, na akaona fahari, fahari kabisa, kama mtu aliyeufuga mto. Katika miaka miwili hakuwa amelifikiria jambo lile zaidi ya mara moja au mbili.

Sasa alilifikiria, na kinyaa alichokuwa amekigawa tangu asubuhi kwa watu wote, kwa mihogo yao na mate yao na mbolea yao, kilirudi kikamkalia yeye mwenyewe. Alimwona Stanislaus na raba yake, anasugua, anapuliza chenga. Alijiona kwenye benchi, analamba ncha ya penseli.

"Mama?"

"Nikisema ipo, itakuwaje?"

Hilali aliweka kalamu chini. "Kanuni ni moja. Msomaji aliyetunga anaondolewa."

"Na zile nyingine?"

"Zile nyingine ni juu yangu mimi. Nitaandika ninachoamini."

Pale kwenye ngazi, Stanislaus alikuwa ameacha kutikisa mguu.

"Mei ya sabini na saba," alisema Maximilla. "Toka tarehe tisa mpaka kumi na saba. Nilikuwa Kabanga na mwanangu. Asubuhi na jioni, namba kumi na nane. Sikuwapo mtoni. Nilitunga."

"Si niliwaambia!" Stanislaus aliruka chini. "Bwana mkubwa, umesikia kwa masikio yako! Mtungaji ni mtungaji!"

"Nyamaza," alisema Hilali, bila kupaza sauti. Alifunua Mei ile, akazitazama zile namba muda mrefu, akaweka na karatasi yake ndefu pembeni. Akatikisa kichwa. "Nisingeziona kamwe. Hakuna ambaye angeziona."

"Najua. Ndiyo maana zinanichefua."

"Nikiliandika hili, mama, kazi huenda ikaondoka. Siwezi kukuahidi. Wapo watu mezani juu yangu."

"Andika. Na zile elfu na elfu?"

"Nazibakiza. Nazipunguzia thelathini na moja toka siku mita ilipong'olewa, na nazibakiza zote." Alivuta daftari ili akate zile siku tisa, lakini Maximilla aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Lete kalamu. Nitazikata mwenyewe. Na rula."

Akakata. Mistari kumi na minane, mmoja mmoja, myembamba, ili namba isomeke chini yake na kila mtu ajue ilikuwa nini. Kwenye safu ya Maelezo akaandika kwa wino: Sikuwapo. Nilikuwa Kabanga. Namba hizi nilitunga. Akaandika jina lake lote, la ubatizo na la baba yake na la Kipriani, na tarehe ya leo.

Akapuliza wino ukauka. Kisha akachukua lile daftari la Agosti ya sabini na sita, akalifunua kwenye ile karatasi iliyonyonyoka, akaligeuza na kulisogeza mpaka ukingoni mwa meza, upande wa mlangoni.

"Haya, baba," alimwambia Stanislaus. "Ni zamu yako. Andika ulichokifuta."

Stanislaus alimtazama Hilali. Hilali alikuwa akifuta miwani.

"Karatasi ni nyepesi," alisema Stanislaus. "Itatoboka."

"Andika polepole."

Alikaa. Alichukua kalamu. Kidole chake kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kwa mazoea tu, alipokuta macho ya Maximilla yamemkazia. Akakirudisha chini, akakipangusa kwenye suruali, akaanza.